Mgeni Alisema Anakimbia, Nikampongeza

Kwa miaka minane niliishi kwa neno moja la Kiingereza, nalo ni "yes". Mgeni akiuliza kama maji ya kunawa yako tayari, yes. Akiuliza kama mvua itanyesha, yes. Akinisimulia habari za mbwa wake aliyekufa, yes, na tabasamu juu yake. Natoa ushuhuda huu kwa sababu "yes" hiyo ilikaribia kumtoa mtu roho kwenye Mlima Kilimanjaro, na kwa sababu najua tuliolelewa na neno hilo tuko wengi.

Mimi ni mzaliwa wa Machame, upande wa juu, kule ambako asubuhi isiyo na wingu unafungua dirisha na mlima uko pale pale unakutazama. Kazi ya mlimani nilianza mwaka 2009 nikiwa mgumu. Ndivyo tunavyoitana sisi wapagazi: wagumu. Kilo 20 ndiyo mwisho wa mzigo kisheria, na mimi nilikuwa kijana wa shingo nene, nabeba naimba. Mwaka 2015 nikapanda cheo, nikawa msaidizi wa mwongoza watalii. Kwenye makaratasi tunaandikwa waongoza watalii, lakini huku kwetu watu wamelichukua neno la Kiingereza wakalitia irabu, likawa "gaidi". Bibi yangu alipotangaza kanisani kwamba mjukuu wake amekuwa gaidi, padri mgeni kutoka mkoa mwingine alibaki mdomo wazi.

Cheo kile kilitaka Kiingereza, na mimi nilikuwa na Kiingereza cha daftari. Shule ya msingi tulisoma kila kitu kwa Kiswahili. Tulipoingia kidato cha kwanza kila kitu kikageuka, kuanzia baiolojia hadi matangazo ya paredi. Mwalimu alituchorea ubaoni safu tatu za vitenzi: go, went, gone, eat, ate, eaten, run, ran, run. Tuliziimba kama wimbo wa jando. Ukutani paliandikwa "Kuuliza si ujinga", lakini aliyeuliza alichekwa na darasa zima, aliyejibu vibaya alichapwa, na aliyetikisa kichwa akinyamaza aliachwa akae. Mimi nikajifunza kutikisa kichwa. Hilo ndilo somo nililofaulu kuliko yote.

"Run" nilipata vema ya wino mwekundu. Maana yake: kimbia.

Mlimani hilo ndilo neno tusilolitumia kabisa. Kutoka langoni mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895, wimbo wetu ni mmoja: pole pole. Anayekwenda mbio mwili wake haupati muda wa kuzoea hewa nyepesi, na kichwa kitamwadhibu kabla ya jioni. Wapo waliokimbia kweli. Mwaka 2014 Karl Egloff, mwanariadha kutoka Ecuador, alipanda mpaka kileleni na kushuka kwa saa 6 na dakika 42, safari ambayo wageni wetu huifanya kwa siku sita au saba. Lakini huyo ni Egloff. Mgeni wa kawaida akianza kukimbia tunamshika begi.

Mwaka huo huo wa 2014, mwezi wa tisa, walikuja watu wa kriketi. Walikuwamo wachezaji waliowahi kuvuma duniani, kama Makhaya Ntini wa Afrika Kusini na Ashley Giles wa Uingereza, na walicheza mechi ndani ya kreta, zaidi ya mita 5,700 juu ya usawa wa bahari. Mimi sikuwamo katika msafara ule, ila habari zilishuka mlimani kabla ya wenyewe. Tukasimuliwa jinsi watu walivyopiga mpira kwa gongo, wakakimbia kwenda na kurudi huku wakihema kama mvukuto, na kila mara wakihesabu "runs". Zikiwa nyingi, shangwe. Nikaweka akilini: "runs" ni jambo jema, hasa kwa Mwingereza.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Agosti 2017, njia ya Machame, tuna wageni wanane. Mmoja wao alikuwa mama wa Kiingereza, mwalimu, umri kama miaka hamsini hivi, mtu wa utani na wagumu, aliyejifunza majina yetu sote siku ya kwanza. Kila asubuhi kazi yangu ilikuwa kupita hema kwa hema na karatasi ya afya. Umelala? Umekula? Kichwa kinauma? Tumbo je? Halafu nambana kidole kwa kile kipimo kidogo cha oksijeni na mapigo ya moyo, naandika, naenda hema linalofuata.

Asubuhi ya siku ya tatu tulikuwa kambi ya Shira, karibu mita 3,800. Baridi kali, barafu nyembamba juu ya hema. Yule mama alitoa kichwa nje, akatazama kulia na kushoto kama mtu anayetaka kukopa, akaniambia kwa sauti ya chini:

"I've got the runs. Two days running."

Nilisikia kila neno. Ndiyo maana mpaka leo siwezi kujitetea kwamba masikio yalikuwa na kofia. "Runs" nilizijua, za kriketi. "Running" niliijua, ya kukimbia. Siku mbili nilizijua. Nikajumlisha: huyu mama anajisikia ana nguvu, amekuwa akikimbia siku mbili. Nikamwinulia kidole gumba.

"Very good!" nikamwambia. "Strong mama!"

Alinitazama kidogo. Akacheka kicheko kifupi, akasema "thank you", akafunga zipu. Kwenye karatasi, mbele ya neno "tumbo", niliandika: sawa.

Siku ile njia inapanda mpaka Lava Tower, takriban mita 4,600, kisha inashuka kulala Barranco, chini kidogo ya mita 4,000. Mama alibaki nyuma tangu saa ya kwanza. Nilifurahi, nikadhani ameshika somo la pole pole. Alikuwa akijificha nyuma ya mawe kila baada ya muda, na hilo nalo nililipatia jibu: wageni wengi humeza Diamox kwa ajili ya mwinuko, na dawa ile humfanya mtu akojoe mara kwa mara. Chakula cha mchana hakugusa. Nikasema ni mwinuko. Kichwa kikamuuma, akataka kutapika. Nikasema ni mwinuko. Kila dalili niliyoiona nilikuwa na mahali pa kuiweka.

Tukishuka kuingia bonde la Barranco, katikati ya ile miti ya senesio inayofanana na watu waliosimama na vilemba, magoti yalimkataa. Alikaa chini kama mzigo uliokatika kamba. Midomo ilikuwa imepasuka. Nilipomshika mkono, ngozi ya juu ya kiganja niliyoibana ilibaki imesimama.

Mkuu wa msafara wetu, mzee wa Kibosho aliyepanda mlima huu mara nyingi kuliko alivyokwenda mjini, alirudi mbio. Ndiyo, yeye alikimbia. Alichuchumaa, akamuuliza neno moja tu: "Stomach?"

Mama akanyoosha kidole kwangu. Hakuwa na hasira. "I told him," akasema.

Mkuu akageuka. "Mgeni anaendesha siku ya tatu hii, wewe umeandika sawa?"

"Aliniambia anakimbia, mkuu."

"Anakimbia?" Akanyamaza. Wagumu wawili waliokuwa wanapita na mahema wakasimama. "Mangi, tangu langoni tunawaimbia watu hawa pole pole. Hapa mlimani ni nani anayekimbia?"

Sikuwa na jibu. Hata kama nisingejua Kiingereza kabisa, swali lile ningeweza kujiuliza mwenyewe pale Shira. Nani anakimbia saa kumi na mbili asubuhi, katika baridi ile, akiwa ndani ya hema? Nilichokisikia hakikufanana na nilichokuwa nakiona, nami nikaliamini neno nikayapuuza macho yangu.

Usiku ule sikulala. Tulichanganya pakiti ya chumvichumvi kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa, nikamnywesha kidogo kidogo, kikombe baada ya kikombe, na mpishi akapika uji mwembamba. Mkuu alikuja kila baada ya saa moja na tochi kichwani. Katikati ya usiku alinieleza jambo ambalo sijalisahau. Kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa nguvu, kutotaka chakula: hizo ni dalili za ugonjwa wa mwinuko, na mtu aliyeishiwa maji mwilini naye anaweza kuzionyesha hizo hizo. Ukimtazama tu unaweza usijue ni lipi. "Kile kidude cha kubana kidole hakijui habari za tumbo," alisema. "Aliyejua ni yeye, na alikwambia."

Asubuhi mama alikuwa na nafuu, lakini mkuu aliamua ashuke. Mimi ndiye niliyepangiwa kushuka naye. Alikuwa ameweka akiba miaka mitatu kwa ajili ya kilele kile, na alikiona kwa mgongo. Njiani alizungumza kidogo. Langoni, gari likiwa limefika, alinishika mkono akaniomba radhi. Yeye, aniombe radhi mimi! Alisema alipaswa kunyoosha maneno, kusema waziwazi kwamba anaharisha, lakini aliona aibu: mahema yalikuwa yamebanana, na miongoni mwa wageni wenzake walikuwamo wanaume watatu kutoka shule anayofundisha. Ndiyo maana alitumia neno la kujisitiri.

Hilo neno "kujisitiri" ni langu. Lakini ndicho alichokuwa amefanya, na ndicho kilichonifungua macho. Nilikuwa nikidhani misemo ya Kiingereza ni mapambo, kitu cha watu wenye muda. Kumbe watu huvisha maneno nguo pale wanapoona haya, na mara nyingi penye haya ndipo penye hatari. Tumbo. Deni. Ndoa. Ugonjwa wa akili. Kifo. Nasi ni vivyo hivyo. Mgonjwa wa Kiswahili hamwambii daktari mambo yote yalivyo. Atasema anakwenda haja, anajisaidia, tumbo linamsumbua. Marehemu kwetu hafi, anatutoka.

Wagumu walinicheka msimu mzima. Walinipa jina, Mzee wa Mbio, na mpaka leo wapo wasiojua jina langu jingine. Nilistahili. Lakini baada ya safari ile nilinunua daftari dogo la kurasa 96 pale Moshi mjini, nikaandika juu yake "RUN", na nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya tangu darasa la kwanza. Nikaanza kuuliza.

Kambi ya Barafu, mgeni kutoka Kanada alisema pua yake inafanya "running". Nikauliza. Kumbe ni kamasi tu zinamtiririka kwa baridi. Mwingine akasema betri za kamera "are running out": zinakwisha. Mwingine, kwamba tuko "running late": tumechelewa. Kijana mmoja alikuwa "running a temperature", nami safari hii sikuinua kidole. Nilimgusa shingo nikakuta anaungua kwa homa. Kuna aliyefua soksi nyekundu pamoja na fulana nyeupe, akaniletea fulana ya waridi akisema rangi "ran": zilichuja. Mzee mmoja aliniambia siku ya kwanza kabisa kwamba matatizo ya moyo "run in the family". Yule mimi wa zamani angefurahi kusikia familia ya wanariadha. Mimi wa daftari nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu kumwambia kwamba kwenye ukoo wa mzee huyu kuna maradhi ya moyo ya kurithi, tumwangalie kwa karibu.

Wamarekani walinipa nyingine. Wakati wa uchaguzi wao walibishana mezani juu ya nani "is running" kuwa gavana. Nikamwuliza Mwingereza aliyekuwa pembeni, akasema kwao mgombea hakimbii, anasimama: "stand". Nikacheka. Mmarekani anakimbilia kura, Mwingereza anazisimamia, na sisi Waswahili tunazigombea.

Nilipata pia kamusi iliyotumika, ile ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1996. Nilipofungua penye "run" nilikaa chini. Nilikuwa nimezoea mstari mmoja wenye neno moja, na hapa palikuwa na shamba. Baadaye mgeni mmoja, mwalimu mstaafu wa lugha, aliniambia nisijilaumu kupita kiasi. Akanieleza kwamba mhariri wa kamusi kubwa ya Oxford, Peter Gilliver, alikaa na neno hilo moja kwa takriban miezi tisa. Alipomaliza alikuwa na maana 645 za kitenzi peke yake. Katika toleo la pili la kamusi hiyo, la mwaka 1989, neno lililoongoza lilikuwa "set", lenye maana 430. "Run" limelipita.

Miezi tisa! Kwetu mtu akikaa miezi tisa unategemea mtoto.

Nilimuuliza: imekuwaje neno la kitoto hivi lizae hivyo? Alinipa sababu mbili, nami nimezipima kwenye daftari nikaona zinasimama.

Ya kwanza ni ya kale. Neno hili tangu mwanzo lilikuwa la miguu na la maji pamoja. Kiingereza cha zamani kilikuwa na "rinnan", ambalo lilibeba kukimbia na kutiririka. Wageni wetu wa Kijerumani, ambao mlimani hawakosekani, bado wana "rinnen", nalo kwao ni kutiririka. Basi pua, bomba, mto, wino, rangi inayochuja na tumbo lililofunguka vyote viko ukoo wa maji. Mtu anayevishangaa ni yule aliyefundishwa ukoo wa miguu peke yake.

Sababu ya pili ni mashine. Mwandishi Simon Winchester ameeleza kwamba neno hili lilinenepa enzi za viwanda, injini zilipoanza kuunguruma na treni kupita kwa ratiba. Kitu kinachofanya kazi bila kusimama kikasemwa kina-"run". Kutoka injini likahamia kiwandani, kutoka kiwandani likahamia kwenye biashara, ofisi, hoteli, na leo programu za kompyuta. Na sasa sisi tuliopewa maana moja, kimbia, tunasoma tangazo kwamba fulani "runs a hotel" tunadhani anakimbia kwenye korido.

Basi usiku mmoja, kambi ya Karanga, nilikuwa kwenye hema nikipanga maana zangu kwa mafungu. Fungu la mashine nililiandikia Kiswahili chake: kuendesha gari, kuendesha mtambo, kuendesha biashara, kuendesha mkutano. Kalamu ikasimama. Nikasikia sauti ya mkuu wa msafara kule Barranco, mwaka ule: "Mgeni anaendesha siku ya tatu."

Anaendesha!

Nilicheka peke yangu mpaka jirani wa hema akauliza kama nimepandwa na mwinuko. Neno lile nilikuwa nalo tangu nikiwa mtoto wa kubebwa. Mama yangu alimwambia nesi "anaendesha", na nesi hakuuliza anaendesha gari gani. Dereva wa daladala anaendesha, mwenyekiti wa kijiji anaendesha, na mtoto aliyekula embe bichi anaendesha. Waingereza walifika tumboni kwa njia ya maji, sisi tulifika kwa njia ya kwenda, tumbo linamwendesha mtu atake asitake. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Lau siku ile pale Shira ningetulia, nikauliza "unamaanisha nini?", yule mama angeninong'oneza kidogo tu na ningemwelewa kuliko mtu yeyote, kwa sababu lugha yangu nayo ina mlango ule ule.

Nimefika kwenye sehemu ambayo ni ngumu kwangu kuisema.

Mwaka 2019 tulikuwa na mgeni, dada mmoja kutoka Uholanzi, aliyejifunza Kiswahili miezi mingi kabla ya kuja. Alikuwa na bidii. Alimsalimia kila mtu kwa ngeli zilizonyooka kuliko zetu. Jioni moja tukila bisi na chai aliniuliza habari za familia. Mama yuko wapi? Machame, anafuga. Baba je?

Nikamwambia, "Baba alitukimbia nikiwa darasa la tatu."

Uso wake uking'aa, akasema, "Ah! Vizuri sana! Alikuwa mwanariadha?"

Wagumu wakainamisha vichwa. Mimi nilibaki na kikombe mkononi. Kwa Kiswahili mtu akiwakimbia watu wake ameondoka, amewaacha, amewatupia mama na watoto maisha yao na hakugeuka. Silabi ile moja, "tu", imebeba kila kitu: sisi ndio tuliokimbiwa. Yule dada alisikia "kimbia", akatafuta kwenye daftari lake la kichwani, akakuta mbio, akanipongeza kwa moyo wote.

Akilini nilimwona yule mama wa Kiingereza akitoa kichwa nje ya hema. Nilijua sasa ile sekunde aliyonitazama kabla ya kufunga zipu ilikuwa na nini ndani. Umejikaza, umesema jambo lako la aibu kwa neno la kujisitiri, na mtu anakujibu hongera.

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kusema "ndiyo" na kupitisha bisi. Ni rahisi, na nimeifanya maelfu ya mara. Nilichagua ya pili. Nilimweleza taratibu: kukimbia mbio ni hivi, kumkimbia mtu ni vile, na baba yangu alifanya hili la pili. Aliziba mdomo kwa mkono. Machozi yalimtoka. Nikamwambia, "Dada, pole ni yangu nami nimeshapoa. Lakini ukisikia neno unalolijua mahali usipolitegemea, uliza." Akaandika hilo kwenye daftari lake. Naye alikuwa nalo! Tukalinganisha. La kwake lilikuwa limejaa "piga": piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga kura, piga magoti, piga chafya. Aliniuliza kwa nini Waswahili wanapiga kila kitu. Sikuwa na jibu, nikamwambia hivyo hivyo kwamba sijui, na kusema sijui hakukuniuma.

Leo mimi ndiye mkuu wa msafara. Karatasi ya afya bado ipo, lakini siiulizi kama zamani. Simuulizi mgeni kama tumbo ni "ok", kwa sababu watu wenye aibu wote wako "ok". Namuuliza amekwenda chooni mara ngapi tangu jana, na kulikuwa na nini. Namuuliza peke yake, mbali na mahema. Akinijibu kwa msemo, namwomba aniambie tena kwa maneno mengine, na kama hana maneno mengine anionyeshe kwa mkono. Mwanzoni niliogopa wageni wataniona mjinga na bahasha ya tipu itakuwa nyepesi. Haijawa nyepesi. Wengi hunishukuru, kwa sababu mtu anayekuuliza unamaanisha nini ni mtu aliyekusikiliza.

Wasaidizi wangu nawafundisha jioni baada ya chakula, neno moja kila kambi. Aliyesema "yes" kwa jambo asilolielewa anaosha vyombo pamoja na mpishi, na maji ya Barafu ni baridi. Kwao sheria ni moja: "yes" ni jibu la swali ulilolielewa. Kwa mengine yote kuna "What do you mean?", maneno manne, yanatosha kushusha mtu mlimani akiwa mzima.

Nawaomba walimu watakaosoma ushuhuda huu: mkiandika ubaoni run, ran, run, ongezeni pua, bomba na duka, na mtoto akinyoosha mkono kuuliza, wanyamazisheni wanaocheka. Na wewe uliyeketi mbele ya daktari, mwanasheria, bosi au mgeni, unayetikisa kichwa hivi sasa kwa neno ambalo hukulielewa, acha kutikisa. Sema hukuelewa. Utaona haya kwa dakika moja.

Yule mama wa Kiingereza alirudi mwaka 2022. Aliomba mkuu wa msafara wake awe Mzee wa Mbio, akafika Uhuru saa moja asubuhi, pole pole.

Daftari langu hadi leo lina maana 83 za "run". Zimebaki 562. Nitaziuliza.